Bati, Barabara na Blanketi: Kuandaa Chumba cha Kurekodia Sauti Mbeya na Iringa

Chumba cha kurekodia sauti ya msemaji ni kitu tofauti na studio ya muziki, ingawa wengi huvichanganya viwili hivi na kwa sababu hiyo hutumia fedha mahali pasipostahili. Studio ya muziki huhitaji spika za kusikilizia, ala na nafasi ya watu kadhaa, ilhali chumba cha msemaji huhitaji utulivu tu, lakini utulivu wa aina mbili: ule unaopatikana kwa kuzuia kelele za nje zisiingie, na ule unaopatikana kwa kuizuia sauti ya msemaji mwenyewe isigonge ukuta na kurudi tena kwenye maikrofoni. Aina hizi mbili za utulivu hutafutwa kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, na kuzichanganya ndilo kosa linalogharimu zaidi katika kazi hii.

Mahitaji ya vyumba vya namna hii katika Nyanda za Juu Kusini ni ya kweli na ya aina nyingi. Yapo matangazo ya redio za mikoani, masomo ya wanafunzi wa vyuo, mahubiri na vitabu vya kusikiliza, na ipo pia kazi ya lugha za wenyeji, ambayo katika ukanda huu ina historia ya pekee. Mwaka 2003 shirika la lugha la SIL lilianzisha, likiwa na ofisi yake mjini Mbeya, mradi wa pamoja wa kutafsiri Biblia kwa kundi la lugha za Mbeya na Iringa, wakati mikoa hiyo bado ilikuwa mikubwa kabla Njombe haijatengwa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, na miongoni mwa lugha zilizoshughulikiwa zimo Kisafwa, Kimalila, Kindali, Kisangu, Kibena na Kikinga. Maandishi katika lugha ambayo watu wengi huizungumza bila kuwa wamefundishwa kuisoma hayawezi kukaa muda mrefu kabla ya kuhitaji sauti, na sauti hiyo ni heri irekodiwe karibu na wazungumzaji kuliko kumsafirisha mzee wa Umalila hadi Dar es Salaam ili asome sura tatu na kurudi.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba mwenye fedha kidogo katika miji hii afikirie kwanza bati lililo juu ya kichwa chake, kisha barabara iliyo mbele ya nyumba yake, kisha kuta za ndani, na maikrofoni iwe ya mwisho. Maikrofoni ya bei ndogo katika chumba kizuri hutoa kazi inayokubalika redioni, lakini maikrofoni ya bei kubwa katika chumba kibaya hurekodi ubaya wa chumba hicho kwa uaminifu mkubwa zaidi.

Uchaguzi wa chumba huanza kwa masikio. Mji wa Mbeya umelala katika bonde kati ya safu ya milima ya Mbeya na ile ya Uporoto, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita katikati yake, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, ikibeba malori ya Zambia na Kongo mchana na usiku, huku reli ya TAZARA ikipita upande wa Iyunga. Ngurumo ya lori linalopanda mlima ni sauti nzito, yaani sauti yenye mitetemo michache kwa sekunde, na sauti za namna hiyo hupenya kuta ambazo sauti nyembamba hushindwa kuzipenya. Kwa hiyo hakuna blanketi wala zulia litakaloiondoa, na tiba yake ya uhakika ni umbali. Nyumba iliyo mitaa kadhaa nyuma ya barabara, yenye nyumba nyingine mbele yake, ni bora kuliko chumba kizuri cha ghorofani kinachotazama lami. Iringa ina nafuu ya kijiografia katika jambo hili, kwa kuwa barabara kuu hupita chini Ipogolo, karibu na mto Ruaha Mdogo, na mji wenyewe umekaa juu ya mteremko, hivyo kwamba mitaa kama Gangilonga haisikii malori kwa kiasi ambacho Mafiati au Mwanjelwa za Mbeya husikia. Hata hivyo Iringa nayo ina bodaboda zake, mashine za kupasua mbao, mafundi wa kuchomelea na mashine za kusaga, na upepo wa kiangazi unaotikisa bati lililolegea kwa saa nyingi mfululizo.

Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, mpangaji anashauriwa kukaa ndani ya chumba anachokitamani akiwa amefunga milango na madirisha, mara moja asubuhi, mara moja alasiri na mara moja usiku, na kuandika kila sauti anayoisikia pamoja na saa yake. Adhana na kengele za kanisa zina ratiba inayojulikana, na kitu chenye ratiba si adui, kwa sababu kazi inaweza kupangwa kukizunguka; adui ni jirani mwenye redio isiyo na saa. Inafaa pia kutazama juu. Katika nyumba nyingi za kupanga, kuta zinazogawa vyumba huishia usawa wa dari na hazifiki kwenye bati, hivyo nafasi iliyo kati ya dari na paa huwa moja kwa nyumba nzima, na mazungumzo ya chumba cha tatu hupanda, husafiri juu ya dari na kushuka katika chumba cha kwanza. Mpangaji anaweza kujaza matundu ya ukuta wa nje kwa saruji siku nzima asipate nafuu yoyote, kwa kuwa sauti haipiti hapo. Chumba chenye ukuta uliojengwa hadi kwenye bati, au mwenye nyumba anayekubali uinuliwe kwa tofali chache, ni cha kupendelewa hata kikiwa kidogo.

Bati linahitaji kuzungumzwa kwa kirefu. Mvua za ukanda huu huja katika msimu mmoja mrefu, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili na wakati mwingine Mei, na katika maeneo ya Tukuyu, wilayani Rungwe, kiasi chake kwa mwaka hupita milimita 2,000, kiwango ambacho Iringa mjini haikikaribii. Tone la mvua linapogonga bati hulifanya bati lenyewe litetemeke kama ngozi ya ngoma, na kelele inayotokea huwa tayari imo ndani ya nyumba. Ndiyo maana kuongeza unene wa kuta hakusaidii chochote wakati wa mvua, na ndiyo maana dari la kawaida la ubao mwembamba, lililopigiliwa moja kwa moja kwenye mbao zilizoshikana na kenchi za paa, husaidia kidogo tu, kwa sababu mtetemo hushuka kupitia mbao hizohizo.

Njia nafuu kuliko zote ya kulikwepa bati ni kupanga chumba cha chini katika jengo la ghorofa, ambamo kilicho juu ya kichwa ni zege, au kutafuta nyumba ya zamani yenye paa la vigae na kuta nene za tofali za kuchoma. Asiyepata jengo la namna hiyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kulitibu paa lenyewe kwa kuweka mbao au tabaka nzito ya karatasi ya lami chini ya bati, jambo linalowezekana nyumba ikiwa inaezekwa upya lakini gumu kwa mpangaji. Ya pili, ambayo ndiyo inayofaa wengi, ni kujenga nyumba ndani ya nyumba, yaani kibanda cha mbao chenye kuta na dari lake chenyewe, kilichosimama sakafuni juu ya vipande vya mpira, na kisichogusa dari la nyumba wala kuta zake mahali popote. Kanuni ya ujenzi huo ni kwamba sauti inayosafiri katika kitu kigumu hukatika panapokuwa na nafasi tupu au kitu laini, kwa hiyo msumari mmoja unaokifunga kibanda kwenye kenchi huharibu sehemu kubwa ya faida.

Kwa ujenzi wa kibanda hiki, mkazi wa Nyanda za Juu Kusini ana bahati ambayo mwenzake wa pwani hana. Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo shamba la serikali la miti ya kupandwa lililo kubwa kuliko yote nchini, na mbao za msindano zinazopasuliwa Mafinga na vitongoji vyake huuzwa Iringa na Mbeya bila mzigo wa nauli ndefu. Mbao za mbili kwa nne, yaani zenye takriban sentimita 5 kwa 10, hutosha kwa fremu. Juu ya fremu hupigiliwa tabaka mbili za jipsamu au ubao mzito, huku maungio ya tabaka ya pili yakipishana na yale ya kwanza ili ufa usipenye moja kwa moja, na katikati ya fremu hujazwa blanketi kuukuu. Fundi aelezwe mapema kwamba kinachotafutwa ni uzito. Kila uzito wa ukuta unapoongezwa mara mbili, kiasi cha sauti kinachozuiwa huongezeka kwa desibeli 5 au 6 hivi, na desibeli, ambayo ni kipimo cha ukubwa wa sauti, husikika sikioni kama nusu ya kelele kila inapopungua kwa 10. Maana yake ni kwamba tabaka ya pili ya ubao huleta badiliko linalosikika, lakini ya nne na ya tano hazilipi gharama zake.

Hata kibanda kizuri hakitashinda mvua ya Rungwe ya mwezi Machi. Ushauri wa busara ni kuipokea kalenda kama ilivyo: kazi kubwa za usomaji, kama kitabu kizima, zipangwe kati ya Juni na Oktoba, na miezi ya masika itumike zaidi kwa kuhariri, huku matangazo mafupi yakirekodiwa asubuhi, kwa kuwa mvua nyingi za ukanda huu hunyesha baada ya adhuhuri. Mwenye studio anayemwahidi mteja kazi ya saa kumi jioni mwezi Januari anauza kitu asichokimiliki.

Baada ya paa hufuata nyufa, ambazo hudharauliwa kwa sababu ni ndogo. Tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta huufanya ukuta huo wote usiweze kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa zege. Ukuta wa mita za mraba 10 wenye mlango wa upana wa sentimita 80, ambao chini yake pana mwanya wa sentimita 1, hauwezi kuvuka desibeli 31, ilhali ukuta wa tofali za saruji uliopigwa plasta pande zote hufika 45 hivi. Kwa hiyo mpira wa kuzibia uliobandikwa kuzunguka fremu ya mlango, kizingiti kinachobana chini na udongo au saruji katika matundu ya nyaya ni uwekezaji mdogo wenye faida kuzidi ukuta wa pili. Mlango wenyewe uwe wa mbao nzito, si ule mwepesi wenye uwazi ndani. Dirisha lisilohitajika lizibwe kwa tofali, na linalohitajika lipewe kioo cha pili kilicho mbali na cha kwanza kwa angalau sentimita 10.

Sasa huja kazi ya ndani, ambayo ni ya namna nyingine kabisa. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa makabila, wakiwamo Wahehe na ala yao ya nyuzi iitwayo ligombo, mara nyingi alirekodi nje, na sauti za rekodi hizo ni kavu na za karibu kwa sababu uwanja hauna kuta za kurudisha sauti. Chumba cha saruji hufanya kinyume chake: neno moja hugonga kuta, sakafu na dari mara nyingi kabla ya kufa, na mirudio hiyo inayofuatana upesi hadi isitenganishike ndiyo inayoitwa mrindimo. Aliyeupatia mrindimo kanuni ni Wallace Clement Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ambaye kuanzia mwaka 1895 alichunguza ukumbi mmoja wa mihadhara uliokuwa hausikiki vizuri, akiujaza usiku kwa mito ya viti iliyoazimwa kutoka ukumbi mwingine na kupima jinsi sauti ilivyozidi kufa mapema kila mito ilipoongezwa. Kanuni yake ni nyepesi: muda wa mrindimo, kwa sekunde, ni sawa na 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ikigawanywa kwa jumla ya unyonyaji, yaani eneo la kila uso wa chumba likizidishwa kwa sehemu ya sauti ambayo uso huo huimeza.

Kwa mfano, chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina mita za ujazo 32.4 na nyuso zenye jumla ya mita za mraba 62 hivi. Iwapo nyuso zote ni plasta na saruji, ambazo humeza takriban asilimia 3 ya sauti, mrindimo wake hufika karibu sekunde 2.8, urefu unaofaa kwaya lakini unaoua maneno ya msomaji. Lengo la chumba cha msemaji ni kama sekunde 0.3. Ili kulifikia, mwenye chumba huhitaji nyuso laini zinazomeza asilimia 80 kwa eneo la mita za mraba 20 hivi, yaani theluthi ya chumba kizima. Hesabu hii ina faida ya kumwonyesha mtu kwamba mapazia mawili na zulia moja havitoshi, na pia kwamba hana haja ya kufunika kila mahali.

Paneli za kumeza sauti hutengenezwa kwa fremu za mbao zilezile za mbili kwa nne, zikisimamishwa kwa ubavu ili kina kiwe sentimita 10, na kujazwa mablanketi ya mtumba yaliyokunjwa, pamba au sufi, kisha kufunikwa kwa kitambaa ambacho mtu akikipulizia kwa mdomo pumzi hutokea upande wa pili. Gunia la juti lililofuliwa hufaa sana. Unene ndio siri ya kazi hii. Kitu laini humeza vizuri sauti ambayo robo ya urefu wa wimbi lake inalingana na umbali kati ya uso wa paneli na ukuta, na kwa hesabu hiyo paneli ya sentimita 10 iliyobandikwa ukutani hufanya kazi vizuri kuanzia mitetemo 860 hivi kwa sekunde kwenda juu, ilhali ileile ikisogezwa mbele sentimita 10 na kuacha hewa nyuma yake huanzia 430. Hewa hiyo haiuzwi, na bado watu huikataa kwa kutaka chumba kionekane nadhifu. Sponji nyembamba zenye nundu zinazouzwa kwa vipande humeza sauti nyembamba peke yake na kukiacha chumba kikisikika kama pipa. Trei za mayai, ambazo zimepamba studio nyingi za Afrika Mashariki, hazina kazi ya maana: ni karatasi ngumu, nyembamba, isiyozuia kelele za nje hata kidogo na isiyomeza sauti nzito ya ndani, na umaarufu wake unatokana zaidi na kwamba hupigwa picha vizuri.

Chumba kidogo kina tatizo jingine. Kati ya kuta mbili zinazotazamana, sauti fulani hujirudia na kujiongezea nguvu, nazo ni zile ambazo nusu ya urefu wa wimbi lake huingia kikamilifu kati ya kuta hizo mara moja, mbili au tatu. Katika chumba cha mfano uliotolewa, urefu wa mita 4 huleta mitetemo 43, 86 na 129 kwa sekunde, upana wa mita 3 huleta 57 na 114, na kimo cha mita 2.7 huleta 64 na 127. Inaonekana kwamba 127 na 129 zimekaribiana mno, na kwa kuwa sauti ya mwanamume mzima anapozungumza huwa kati ya 85 na 155, msomaji mwanamume katika chumba hicho atasikika akivuma katika baadhi ya silabi na kufifia katika nyingine. Vyumba vya mraba ni vibaya zaidi, kwa kuwa orodha mbili huwa moja. Tiba ya bei nafuu ni magodoro ya zamani yaliyosimamishwa kwenye pembe za chumba, mahali ambapo sauti nzito hukusanyika, na kumweka msomaji kwenye theluthi ya urefu wa chumba badala ya katikati.

Vitu vyote hivi laini huungua. Jiji la Mbeya, lililoshuhudia soko la Mwanjelwa likiteketea mwaka 2006 na soko la SIDO mwaka 2017, halihitaji maelezo marefu kuhusu moto, lakini inafaa kusemwa kwamba sponji ya magodoro inapowaka hutoa moshi wenye sumu kali, na kwamba chumba kilichozibwa nyufa zake zote kina mlango mmoja tu wa kutokea. Swichi na soketi zisifunikwe na kitambaa, taa ziwe zile zisizotoa joto, mtungi wa kuzimia moto uwekwe nje ya mlango na mlango ufunguke kuelekea nje.

Hatari iliyo kubwa zaidi, na ambayo ni ya ukanda huu hasa, ni baridi. Mwezi Juni na Julai joto la usiku Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na desturi ya kuingiza jiko la mkaa ndani ili kuota moto ni ya kawaida. Katika chumba cha kurekodia desturi hiyo inaua, kwa sababu mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichojengwa ili sauti isipite hakiruhusu hewa kupita pia. Msomaji avae koti na soksi nzito, na chumba kipashwe kwa hita ya umeme kabla ya kazi, kisha izimwe. Kwa hewa ya kawaida, kila baada ya dakika 30 au 40 mlango ufunguliwe na msomaji atoke. Mapumziko hayo huisaidia pia sauti yake. Wenye uwezo hutengeneza njia ya hewa yenye kona kadhaa, iliyotandikwa vitu laini ndani, ambamo hewa hupinda na kupita lakini sauti hufia humo.

Vifaa vya kurekodia vinaweza kuelezwa kwa ufupi. Maikrofoni zipo za aina mbili kuu: dainamiki, ambamo sauti husukuma koili ndani ya sumaku, ni imara, haihitaji umeme na haisikii mbali, na kondensa, ambayo hutumia utando mwembamba wenye chaji, huhitaji volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti ya nje, na husikia kila kitu, pamoja na jogoo wa mtaa wa pili. Kwa chumba kinachoanza, dainamiki ndiyo chaguo la busara, na mnunuzi awe mwangalifu, kwa kuwa Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966, ni miongoni mwa maikrofoni zinazoghushiwa sana duniani. Kondensa hushikwa na unyevu wa masika na kuanza kutoa vijisauti vya kukwaruza, hivyo baada ya kazi ihifadhiwe katika kopo linalofungwa pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu. Kebo iwe ya nyuzi tatu, ile inayobeba sauti mara mbili kwa mielekeo iliyopingana ili kelele iliyookotwa njiani ijifute, jambo lenye umuhimu kwa nyumba iliyo karibu na mnara wa redio. Kompyuta mpakato, ambayo feni yake ni kelele, ikae nje ya kibanda, na programu ya Audacity, isiyouzwa, inatosha kwa kazi zote za usomaji.

Umeme wa gridi ni wa mitetemo 50 kwa sekunde, na mvumo wa chini unaosikika katika rekodi nyingi ni huo pamoja na mara mbili yake, 100. Mara nyingi chanzo chake ni nyumba isiyo na ethi au vifaa vilivyochomekwa katika soketi tofauti. Soketi moja yenye ethi ya kweli kwa vifaa vyote, au kompyuta kufanya kazi kwa betri yake wakati wa kurekodi, humaliza tatizo. Betri hiyo pia huokoa kazi umeme unapokatika katikati ya sura, wakati ambapo jenereta ya jirani itakuwa imewashwa na hakuna kitakachorekodiwa kwa vyovyote.

Msomaji akae umbali wa shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, uso ukielekezwa pembeni kidogo ili pumzi za herufi za p na b zipite kando, na kitambaa chepesi kilichotandazwa kwenye duara la waya kisimame katikati. Kiwango cha kurekodi kirekebishwe ili vilele vya sauti viwe kati ya desibeli 12 na 6 chini ya kikomo, kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde. Kabla ya kila kipindi, sekunde 30 za ukimya wa chumba zirekodiwe. Ukimya huo ndio kipimo cha kweli cha kazi yote iliyoelezwa hapo juu, kwa sababu wachapishaji wa vitabu vya kusikiliza hutaka kelele ya chumba iwe angalau desibeli 60 chini ya kikomo, na chumba kinachosoma 45 bado kina ufa mahali fulani. Katika lugha za toni kama Kihehe na Kibena, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, mhariri ajiepushe na programu zinazonyoosha au kulainisha sauti, na mtu anayeijua lugha hiyo awepo kila wakati akisikiliza kwa hedifoni, kwa kuwa mhariri asiyeielewa hawezi kutambua neno lililokatwa.

Makubaliano na msomaji yaandikwe kabla ya maikrofoni kuwashwa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, ambayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, huisimamia, humlinda mwandishi wa kitabu na pia mtendaji anayekisoma, kwa hiyo ruhusa mbili huhitajika, si moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo huhitaji kwamba mtu ajue taarifa zake zitatumikaje. Katika zama hizi mkataba useme bayana iwapo sauti inaweza kutumiwa kufundishia mashine zinazoiga usemi wa binadamu. Anayekusudia kurusha vipindi mtandaoni mwenyewe atazame pia kanuni za maudhui za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tofauti na anayerekodi kwa ajili ya mteja.

Saa moja ya sauti ya mkondo mmoja, kwa viwango vilivyotajwa, huchukua megabaiti 518 hivi, na diski ya terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 1,900, hivyo hakuna sababu ya kufuta. Nakala ya kwanza, isiyohaririwa, ihifadhiwe daima kando ya ile iliyosafishwa, katika diski mbili zinazolala nyumba tofauti, na jina la kila faili libebe lugha, msomaji, sura na tarehe. Jina la kijiji alikotoka msomaji liandikwe pia, kwa kuwa Kinyakyusa cha Kyela si kile cha Mwakaleli, na atakayeisikiliza rekodi hiyo baada ya miaka 30 hatakuwa na mtu wa kumuuliza.